Mwembamba Hajakonda

Kiswahili ni lugha ya salamu, na kila salamu ina mlango wake wa kutokea. Shikamoo ina marahaba. Hujambo ina sijambo. Hodi ina karibu. Habari za nyumbani ina nzuri, hata kama nyumba yenyewe imeungua jana. Lakini iko moja tunayoitoa kila siku, kwenye daladala, kazini, misibani, harusini mbele ya kamera, nayo haina jibu hata moja kwenye lugha nzima: "Mbona umekonda?"

Hebu jaribu kuijibu. Ukisema "sijakonda", umebisha, na anayebisha ana kitu anaficha. Ukisema "mawazo tu", utaulizwa mawazo gani, tena mbele za watu. Ukisema "naumwa", umejimaliza mwenyewe. Ukisema "nafanya mazoezi", watakutazama kwa ile huruma anayopewa mtu asiyejua kudanganya. Ukicheka, ndiyo umekubali. Nina zaidi ya miaka kumi kwenye kazi ya kuuliza watu maswali, na kama kuna kitu kazi hiyo imenifundisha ni kwamba swali ambalo kila jibu lake linamzamisha anayejibu si swali. Ni hukumu, na hakimu kashaondoka zake kwenda kupanda bodaboda.

Nataka kukitetea Kiswahili hapa, maana kosa si lake. Chenyewe kilitupa maneno mawili tofauti kabisa, kila moja na kazi yake. Sisi ndio tuliyatia kwenye chungu kimoja tukakoroga.

Neno la kwanza ni -embamba. Hilo ni neno la umbo, na umbo halina habari na jana yako. Njia nyembamba haikuwahi kuwa barabara ya njia nne ikapatwa na mkosi. Ni nyembamba, basi. Utumbo mwembamba una urefu wa mita sita hivi, ndio unaofyonza sehemu kubwa ya chakula tunachokula, na sijawahi kusikia mwalimu wa baiolojia akiuonea huruma kwa kuwa jirani yake anaitwa utumbo mpana. Sindano nyembamba ndiyo nzuri kwa hariri. Chapati nyembamba ina watu wake. Vidole vyembamba, shingo nyembamba, sauti nyembamba: hakuna ugonjwa wowote humo. Hata kiuno chembamba, ambacho waswahili wa zamani walikifananisha na cha nyigu, kilikuwa sifa, na aliyeambiwa hivyo alitembea siku nzima akijua kaambiwa.

Neno hili lina tabia zake nzuri. Linafanya kazi mbili kwa mpigo: mlango mwembamba ni ule usio na upana, karatasi nyembamba ni ile isiyo na unene, na msikilizaji hapotei hata siku moja. Halafu lina heshima, halijiingizi pasipolihusu. Vimiminika linaviachia neno jingine. Uji unakuwa mwepesi, mchuzi unakuwa mwepesi. Mtu akikuambia uji mwembamba utajua amejifunza Kiswahili ukubwani. Na linabadilika kwa adabu kufuata jina linaloandamana nalo: mwembamba, nyembamba, chembamba, jembamba, membamba. Mimi nalipenda neno hili. Natamani ningeitwa hivyo mara nyingi zaidi, kwa sababu ndivyo nilivyo. Tangu darasa la kwanza hadi leo nina miaka thelathini na kitu, sijawahi kuwa na umbo jingine.

Neno la pili ni kukonda, na hilo ni kitenzi. Kitenzi kina wakati ndani yake. Ukisema "amekonda", ile -me- inabeba mzigo mzima: kulikuwa na hali ya mwanzo, ikabadilika, na matokeo yapo mbele yetu tunayaona. Kwa hiyo kila anayesema "umekonda" anadai mambo mawili kwa mara moja. Anadai kwamba alikujua ulivyokuwa, na anadai kwamba kuna kilichosababisha. Ni historia ya mgonjwa iliyofupishwa kwenye neno moja.

Ndiyo maana mwembamba hajakonda. Mtu anaweza kuzaliwa mwembamba, akala, akazaa, akazeeka, akazikwa akiwa na miaka tisini, asikonde hata siku moja. Na mwingine anaweza kushuka kutoka kilo 110 mpaka 90, akawa amekonda kweli kweli, huku bado ni mnene na shati linamlalamikia. Watu wawili hao lugha imewatenga. Ni mitaani, ofisini na, nitafika huko, kwenye vitabu vyetu, ndiko wanapoitwa jina moja.

Msidhani hii ni hoja ya watu wa sarufi. Nenda mnada wa Pugu, hapa Dar es Salaam, kasikilize wanavyozungumza wauza ng'ombe. Pale hakuna anayechanganya. Ng'ombe anaweza kuwa mdogo wa umbo, mbavu zake zimekaa karibu karibu, na mnunuzi hasemi amekonda. Akisema amekonda, anamaanisha safari, kiangazi, kwato au minyoo, na anaweza kukuonyesha kwa kidole: hapa nyongani, hapa kwenye uti wa mgongo, hapa nyuma ya nundu. Anasema kwa sababu kuna fedha inapanda au inashuka. Mchungaji anayemwambia mwenzake "huyu amekonda" tayari anawaza maji yako wapi na nyasi ziko wapi. Neno linakuja na kazi ya kufanya.

Na hivyo ndivyo lilivyokuwa kwa watu pia. Bibi yangu wa Muleba alikuwa na macho makali kuliko mzani wowote. Ukishuka kwenye basi likizo, kabla hujaweka begi chini, alikwishakuambia kama umekonda au hujakonda. Lakini alikuwa anasema akiwa ameshakupa mgongo, anaelekea jikoni. Ndizi zilikuwa zinamenywa sentensi haijaisha. Kwa bibi, "umekonda" ulikuwa mwanzo wa shughuli, na shughuli hiyo ilikuwa yake yeye. Wewe ulitakiwa kukaa tu na kula. Hakuhitaji jibu kwa sababu jibu lilikuwa kwenye sufuria.

Hata lile neno tunalolitumia bila kufikiri, "usikonde", lina ushahidi huo huo. Mtu ana kesi, ana deni, mtoto hajachaguliwa shule, tunamwambia: usikonde. Tafsiri yake ni usijali, lakini Kiswahili hakikusema usijali. Kilisema usiruhusu jambo hili likule mwili. Waliolitunga walijua kitu ambacho leo tunakilipia washauri nasaha: kwamba wasiwasi unakaa mwilini, na kwamba mawazo yanakondesha. Na anayekuambia usikonde huwa anaendelea. "Usikonde, nipo." "Usikonde, kesho nitampigia." Akisema usikonde halafu akanyamaza akaondoka, utamshangaa. Sasa kwa nini humshangai yule anayesema umekonda akaondoka?

Tulipotezea wapi? Kwa sisi tuliozaliwa Kagera jibu lina mwaka na lina ziwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye vijiji vya wavuvi na wachuuzi upande wa Rakai, Uganda, watu walianza kuisha mwili bila sababu iliyofahamika. Wenyewe wakauita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba: slim. Slimu. Mwaka 1985 neno hilo likafika mpaka kwenye kichwa cha makala ya kitabibu ndani ya jarida la The Lancet la Uingereza. Upande wetu wa mpaka, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu walikuwa na jina jingine, Juliana, lililotokana na kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na kupendwa wakati huo. Kwa hiyo ziwa moja, ugonjwa mmoja, na majina mawili: upande mmoja umbo la mwili, upande mwingine nguo inayouvika.

Jina rasmi la Kiswahili lilipokuja lilikuwa la busara kuliko yote mawili. UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Lisome tena polepole. Hakuna wembamba humo. Hakuna kukonda. Waliolitunga walitaja kinachopungua, nacho ni kinga, jambo usiloweza kuliona kwa macho ukiwa umekaa barazani. Lakini baraza lilikuwa limeshafungua kesi. Mtaani tukasema kakanyaga miwaya, kashikwa na ngoma, na juu ya yote tukasema, kwa sauti ya chini, "umemwona alivyokonda?" Kitenzi kilichokuwa kinakupeleka jikoni kikaanza kukupeleka kaburini. Yule mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, aliyesimama hadharani mwaka 1989 akasema anao, na kufariki Desemba ya mwaka huo huo, watu walikuwa wamekwishamsoma mwili kabla hajafungua kinywa. Alichofanya cha pekee ni kwamba alisema mwenyewe, hakuwaachia wao.

Sasa dawa. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu za umma, na hapo ndipo macho ya baraza yalipaswa kustaafu. Hayakustaafu, na kwa miaka kadhaa yalipata hata msaada wa bahati mbaya. Moja ya dawa zilizotumika sana wakati huo, stavudine, ilikuwa na madhara ya kuondoa mafuta mashavuni, mikononi na miguuni. Mgonjwa anameza dawa, virusi vinatulia, anarudi shambani, anabeba ndoo, na uso wake unazidi kukonda. Amepona kwa kadiri ya kupona kunakowezekana, na uso unamshitaki. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache dawa hiyo. Za siku hizi haziko hivyo; wengi wanaozitumia wana miili yao kamili, na wapo wanaolalamika kwamba wananenepa. Ukitaka kujua nani anaishi na virusi kwa kumwangalia mashavu, mwaka huu utamkosa mwenyewe na kumpata jirani yake.

Na jirani yake ndiye anayenisumbua.

Kulikuwa na dada mmoja niliyefanya naye kazi kwenye chumba cha habari ambacho sitakitaja. Alianza kupungua. Kwanza wakamtania. Halafu wakaacha kumtania, na hapo ndipo ungejua mambo yamekuwa mabaya, kwa sababu utani kwetu ni dalili ya kwamba bado wewe ni mtu. Akaanza kuvaa blauzi mbili, na sweta juu, Dar es Salaam, Januari. Alikuwa anakohoa. Zahanati ya karibu kliniki ya kifua kikuu na ile ya watu wanaochukua dawa za kufubaza virusi ziko kwenye korido moja, na korido inapandiwa kwa ngazi zinazoonekana na kila anayekunywa chai kwa mama lishe wa upande wa pili. Hakwenda. Ilichukua miezi minne. Alipopelekwa hatimaye alikuwa anabebwa.

Kilikuwa kifua kikuu, basi. Dawa za miezi sita, akapona, ingawa akipanda ghorofa mbili leo utamsikia. Niliwahi kumuuliza kwa nini alingoja, akaniambia hakuwahi kuuogopa ugonjwa, aliogopa ngazi. Na hata kama kingekuwa hicho walichokuwa wananong'ona, bado dawa zilikuwa juu ya ngazi hizo hizo. Ndiyo hasara ya neno lililoharibika: linamzuia mtu kufika kwenye msaada, uwe ugonjwa gani. Kupungua uzito kunaweza kuwa kifua kikuu. Kunaweza kuwa kisukari. Kunaweza kuwa tezi ya shingoni iliyopitiliza kazi, minyoo, saratani, sonona, meno mabovu, njaa ya mwisho wa mwezi. Yote hayo yanatibika au yanasaidika yakiwahiwa, isipokuwa kama mtaa umeshatoa cheti. Nimeona kwamba mabango ya afya siku hizi yanaandika "kupungua uzito bila sababu" na kulikwepa neno kukonda. Waandishi wake wana akili. Wanajua neno lenyewe halina tena uwezo wa kumleta mtu hospitali.

Hapa nawageukia waandishi wenzangu, maana hatuwezi kumlaumu mama wa genge peke yake.

Kizazi changu kilikutana na UKIMWI kwenye vitabu vya shule: Kilio Chetu, Orodha, na kwa Kiingereza Passed Like a Shadow. Nje ya darasa, waliopenda riwaya walikuwa na Ua la Faraja ya William Mkufya. Sivigombi vitabu hivyo. Viliandikwa na kusomwa wakati watu wanazikwa, na vilisema wakati viongozi wengi walikuwa wanakohoa tu kusafisha koo. Ninachogomba ni tulichojifunza sisi tulivyovisoma kwa ajili ya mtihani, tukakibeba mpaka leo kama kanuni ya hesabu: mhusika akikonda, tayarisha sanda. Soma hadithi fupi zinazoandikwa sasa. Mwanamke akikonda ukurasa wa tatu, ama anao ama ameachwa. Mwanamume akikonda, amefilisika. Mzee mwembamba ana hekima, hata kama hajasema kitu. Tajiri lazima awe na kitambi. Kwenye vikatuni vya magazeti yetu fisadi bado anachorwa tumbo mbele, ingawa kila mtu aliyewahi kukaa mahakamani kuandika kesi za fedha za umma atakuambia kwamba wapo wembamba, wenye miwani, wanaokwenda mazoezi saa kumi na moja alfajiri.

Halafu kuna ng'onda. "Alikuwa amekonda kama ng'onda." Sentensi hii nimekutana nayo kwenye miswada mingi sana, na huwa natamani kumuuliza mwandishi kama amewahi kumwona ng'onda. Ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani. Ni bapa, mkavu, na mgumu. Lakini ng'onda haumwi, jamani. Ng'onda ameandaliwa adumu. Yule mwenzake mbichi, mnene, anayeng'aa kwenye ndoo ya barafu, keshokutwa ananuka. Kama ni mfano wa mtu, basi ng'onda ni mfano wa mtu atakayekuzika.

Nina ombi moja tu kwa wanaoandika hadithi: ukitaka tujue mhusika anaumwa, muumbe anaumwa. Anaamka saa ngapi? Shuka lina jasho? Anashuka ngazi akishika ukuta? Na ukitaka kutuambia ni mwembamba, sema ni mwembamba, umwache aendelee na maisha yake.

Najua majibu yanayokuja, maana nimeshayasikia. Wapo watakaosema huo ndio utamaduni wetu, sisi waafrika tunajaliana, tunaambiana ukweli, hatufichi. Kujaliana gani huko, kusikogharimu hata kikombe cha uji? Utamaduni ninaoujua mimi ulikuwa na sufuria ndani yake. Mlichobaki nacho ni maneno ya bibi bila jiko la bibi, na bila jiko hayo si maneno yake tena.

Wapo wa upande wa pili, vijana wenzangu wa mitandaoni, wanaotaka mwili wa mtu usizungumzwe kabisa, kwa lolote. Hao ninawaelewa lakini siwafuati. Nikikonda kweli, nataka kuna mtu aone. Nataka mama aone, mume aone, rafiki yangu wa miaka ishirini anivute pembeni aniulize kwa sauti ambayo mtu wa tatu hasikii. Nchi ambayo mtu anaisha mwili na hakuna anayethubutu kusema ni nchi ya kutisha. Suala ni nani anasema, wapi, na anakwenda wapi baada ya kusema. Mwenye haki ya kitenzi hicho ni yule aliyekujua jana na yuko tayari kukufuata kesho. Anayekuona kwenye picha tu, chini ya picha hiyo akaandika "umekonda sana mamii", hana hiyo jana wala hiyo kesho. Mimi watu wa aina hiyo nimeanza kuwajibu: "Nimekonda, eeh? Haya, umepika nini?" Wengi hawarudi.

Na tafadhali, msinitetee kwa reli. Kila nikisema haya hutokea mwungwana mmoja anayedhani ananisaidia: "Usijali dada, wembamba wa reli, treni inapita." Kicheko. Naomba tuukague msemo huu, kwa sababu unajidai ni sifa. Kwanza unaanza kwa kukiri kosa: ni mwembamba, lakini. Pili, sifa anayopewa reli ni kwamba inavumilia kupitiwa. Mnajua vizuri treni ni nani na kwa nini watu wanacheka. Wanaume wembamba hawaambiwi hivyo.

Tatu, reli yenyewe imesingiziwa. Pale juu gurudumu linapopita, chuma cha reli kina upana wa sentimita saba hivi, na sehemu inayogusana na gurudumu kwa wakati mmoja inalingana na sarafu. Hiyo haikuwa bahati mbaya ambayo chuma kiliivumilia. Wahandisi waliitaka hivyo ili gurudumu liteleze bila kula nguvu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina mita moja tu kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Ile mpya ya umeme ina 1,435. Hakuna hata moja iliyopona ugonjwa. Kila moja ilipimwa, ikaamuliwa, ikajengwa. Huo ndio wembamba kwa maana ya -embamba, na ukiusema hivyo hauhitaji treni kuja kuuombea msamaha.

Lakini lililonikasirisha hadi nikakaa kuandika ni dogo kuliko yote haya. Nilikuwa Kariakoo natafuta zawadi, nikaona boksi la majani ya chai, la rangi ya kijani, picha ya mwanamke asiye na tumbo, na juu yake kwa herufi kubwa: SLIM. Kando yake suruali zenye lebo hiyo hiyo. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini hivi, akanitazama juu mpaka chini akaniambia, "Dada wewe hii haikuhusu, wewe tayari." Alikuwa ananisifu. Nilisimama pale nikiwaza wale wa Rakai. Miaka arobaini tu, neno lile lile, kutoka jina la kifo mpaka bei ya chai. Na nikitoka pale na kupanda gari kwenda Kagera, likizo, watu wa umri wa mama yangu wataniangalia juu mpaka chini vile vile, na kunyamaza. Mwili ni huo huo mmoja. Mjini unauzwa kwenye boksi, kijijini unatayarishiwa majirani wa kukesha, na kote huko mwenyewe hajaulizwa kitu.

Nimalizie kazini kwangu, kwenye dawati la michezo, ambako tabia hii imejificha pasipo na mwili wa mtu yeyote. Timu ikishinda bao 1-0 tunaandika "ushindi mwembamba". Ikishinda 4-0 tunaandika "ushindi mnono". Mchezaji akisajiliwa kwa fedha nyingi amepata "mkataba mnono", kwenye droo kuna "donge nono". Unono wote ni wa heri, na wembamba ni wa kunusurika. Nawakumbusha wahariri wenzangu kwamba 1-0 ina pointi tatu na 4-0 ina pointi tatu, na kwamba mabingwa wengi wamepatikana kwa mabao hayo moja moja ya dakika ya themanini na tisa. Jumapili niko zamu. Wakiniletea ushindi mwembamba nitaandika tu nani alifunga, dakika ya ngapi, na kwa mguu gani.